Plasta Nzima

Mume wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Firimbi, ni refa wa mpira, na kwa ubahili hana mpinzani. Chama cha marefa kilipomwambia kwamba asipofaulu mtihani wa mbio atanyang'anywa beji, alikuwa anakohoa hata akipanda ngazi za kwetu. Muuguzi wa zahanati akamwandikia plasta za nikotini, za kubandika begani ili hamu ya sigara ipungue.

Alipotajiwa bei nusura azirai. "Yaani ninunue dawa ili nisinunue sigara?"

"Kwani sigara unapewa bure?" nikamuuliza. Akalipa.

Wiki zikapita, na jioni bado ananuka moshi. Nikaanza kuamini kweli tumetupa pesa. Kisha asubuhi moja nikachukua mkasi wangu wa kukatia vitambaa, hautaki kufunguka: umeganda gundi. Mimi ni fundi cherehani. Mkasi wangu haugusi hata mama aliyenizaa.

"Nilikuwa nazikata vipande vinne vinne," akakiri Firimbi, macho darini. "Ili zidumu."

Nilimburuta hadi zahanati kama mwanafunzi mtoro. Muuguzi alicheka mpaka akatafuta kiti. "Kaka, rahisi ni ghali. Robo plasta haikusaidii, na sigara bado unanunua. Umelipia vyote viwili, hujapata hata kimoja. Bandika nzima, na hamu ikikuzidi, tafuna chingamu hii ya nikotini."

Safari hii nilimbandika mwenyewe kila asubuhi, kwa kiganja kizito. Akanuna, akagombana na redio, akatafuna kama mbuzi. Lakini sigara hakugusa.

Siku ya mtihani nilisimama kwenye uzio wa uwanja. Mzunguko wa kwanza vijana walimwacha, nikasema basi, beji imekwenda. Mizunguko ya mwisho akawa anawapita mmoja mmoja, mdomo kaufunga. Msimamizi akabonyeza saa yake, akaitazama mara mbili.

"Umefaulu, refa. Na muda umebaki."

Firimbi akaja pale uzioni. Nilijiandaa kumshika, maana zamani akikimbia hata kidogo huinama akakohoa mpaka machozi. Hakuinama. Alinisimulia mbio nzima, toka mwanzo hadi mwisho, bila hata kutua kuvuta pumzi, na mimi, nisiyependa mpira hata chembe, nikamwambia arudie.