Sarafu Ndani ya Kikombe cha Barafu

Betri nne zilikaa chini ya kitanda cha gari-nyumba, na Dereva alizipenda kuliko watoto aliowazaa. Si utani. Kila asubuhi, kabla hata ya kumjulia hali mkewe, alipiga magoti, akafunua ubao, akachungulia maji ya betri, kisha akasoma mita kwa sauti kama anayetangaza matokeo ya mtihani.

Mkewe, nesi mstaafu ambaye hata nyumbani aliitwa Nesi, alikuwa amechoka. Walipouza nyumba na kununua gari hili ili wawazungukie watoto wao, alidhani amepata mume wa kustaafu naye. Kumbe kapata mlinzi wa betri. Akiwasha taa, mita imeshuka. Akiwasha feni, mita imeshuka. Redio ndiyo usiseme.

Na fundi alishawaeleza: msizikaushe chini ya nusu, na gari likae juani kila siku ili paneli za sola zizijaze mpaka juu. Mambo mawili tu hayo. Dereva alishika la kwanza. La pili alilikataa kwa kuwa jua linababua rangi, na rangi aliipaka mwenyewe. Basi gari likakaa kivulini, betri zikabaki na njaa, naye akabana matumizi ya kila kitu.

Isipokuwa friji. Hapo Nesi alikataa katakata. Ndani mlikuwa na insulini ya Dereva mwenyewe, ya miezi mitatu, na bila hiyo mzee yule asingemaliza wiki bila kulazwa. Alimwambia, akarudia, akabandika na karatasi mlangoni: FRIJI HAIZIMWI. Dereva akasema sawa, sawa, yeye si mtoto.

Lakini Nesi alitunza chanjo za zahanati miaka ishirini na sita, na "sawa" ya mumewe aliijua. Kabla ya kwenda kukaa siku mbili kwa binti yao aliyejifungua, aligandisha kikombe cha maji, akaweka sarafu juu ya barafu, akakirudisha kwenye sehemu ya kugandishia. Hakusema kitu.

Aliporudi mchana, Dereva alimpokea meno yote nje. Betri zimefika asilimia tisini! Alimvuta mkono akaangalie mita hata begi hajalitua. Friji ilikuwa inanguruma vizuri tu. Ila midomo ya mzee ilikuwa imekauka, na pembeni ya kiti chake palikuwa na chupa tano tupu za maji ya kunywa.

Nesi hakuangalia mita. Alifungua friji, akatoa kikombe. Sarafu ilikuwa imelala chini kabisa, barafu safi imeganda juu yake. Akamweleza polepole, kama anavyoelezwa mgonjwa: barafu iliyeyuka yote, sarafu ikazama, ndipo friji ikawashwa tena.

Dereva alikichukua kile kikombe, akakigeuza.

"Niliizima ulipoondoka," alisema. "Nimeiwasha jana usiku. Niliogopa betri zitakufa."

"Na wewe je?"

Siku nzima na zaidi dawa zilikaa kwenye joto la bati, madirisha yamefungwa kuzuia vumbi, na asubuhi hii Dereva alijichoma dawa hiyo hiyo iliyoharibika. Nesi alimtoboa kidole, akampima sukari. Ilikuwa imepanda mpaka kile kimashine kikashindwa kutoa namba. Kipimo hicho Dereva hakukisoma kwa sauti.

Nesi akachukua funguo, akakaa nyuma ya usukani ambao hakuwahi kuruhusiwa kuugusa, akaliondoa gari kivulini kuelekea hospitali. Jua likapiga paa lote. Alikuwa na hasira, na woga ulikuwa mkubwa kuliko hasira.

Mumewe aligeuza shingo kidogo, akachungulia mita.

"Zinachaji," alisema kwa sauti ndogo.

"Funga mkanda," Nesi alisema, huku machozi yakimtoka.