Mapipa Mia Langoni

Dola ya Rubaza ilikuwa na milango mingi ya kuingizia kodi na mmoja tu wa kutolea bidhaa. Mlango huo uliitwa Lango la Mashariki, na funguo zake zilikuwa kwa Waziri wa Lango, mtu mwembamba, mpole wa sauti, aliyemwoa dada yake Mfalme. Ng'ambo ya Lango, mwendo wa siku mbili kwa punda, ilikuwapo nchi ya Shamuli, nchi ya masoko makubwa na watu wanaonusa kila kitu kabla ya kukinunua.

Warubaza wachache sana walikuwa wamefika huko. Ulichozalisha ulikipeleka kwenye Soko la Ikulu, mawakala wa Ikulu wakachagua walichotaka kwa bei waliyotaka, na kilichobaki ulirudi nacho kwenu kikaozee machoni pako. Hayo yaliitwa utulivu.

Kisha Mfalme akaalikwa Shamuli. Kwenye karamu, mwenyeji wake alimwonyesha meza nzima: zabibu za nchi hii, viungo vya nchi ile, vyungu vya nchi nyingine. Akamuuliza kwa adabu, "Na kwenu, Mtukufu, mnatengeneza nini?" Mfalme alifungua kinywa, akakifumba, akasema Rubaza inatengeneza amani. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima, wakaendelea kula.

Aliporudi aliitisha Baraza siku ile ile, hata vumbi la safari hajaliosha.

"Nataka kila jimbo liuze nje," alisema. "Lianze mwaka huu. Wenye viwanda vidogo, wasuka mikeka, washona viatu, warina asali, wote."

Waziri wa Lango aliinama. "Fikra ya kifalme. Ila naomba kuuliza, Mtukufu. Zitoke bidhaa, au watoke wenye bidhaa?"

"Kuna tofauti?"

"Ipo, tena kubwa. Bidhaa ikitoka, jina la Mtukufu hutoka nayo. Mtu akitoka, hurudi na maswali."

Mfalme alicheka, Baraza likacheka baada yake, na kwa kicheko hicho ikaundwa Idara ya Uvushaji, ya Mfalme mwenyewe, ikisimamiwa na Waziri. Idara ilipata jengo, ikapata sare, ikapata na wimbo wake, kabla haijavusha hata kikapu kimoja. Maofisa wakatumwa majimboni. Wengi walihutubia, wakala, wakarudi na taarifa kwamba wananchi wamefurahi.

Jimbo la Matuta, huko vilimani, lilipata ofisa aitwaye Lukindo, mmoja wa wachache waliowahi kufika Shamuli na kujifunza kazi huko. Huyu alikuwa hajaielewa vizuri kazi yake. Alidhani ametumwa kufanya kazi.

Siku aliyofika alipelekwa kwa Bi Siwema, mjane wa miaka hamsini na ushei, mwenye mizinga sitini na ulimi usiochagua wa kumkwaruza. Ndiye aliyekuwa kiongozi wa warina asali. Alimwekea mgeni bakuli lililojaa. Lukindo akanusa, akaonja kwa ncha ya kidole, akalirudisha mezani.

"Imeanza kuchacha, mama."

"Asali yangu?" Bi Siwema alisimama. "Waheshimiwa wote waliopita hapa wameisifu!"

"Walipewa bure."

Bi Siwema akamtazama kijana yule toka viatu hadi kofia, akitafuta kiburi asikipate.

"Mnairina nyuki hawajafunika masega," Lukindo alisema. "Bado ina maji. Halafu moshi mwingi mno, unaingia kwenye ladha. Nchi yenyewe haina kosa, maua yenu sijaona mfano wake. Lakini Shamuli wataimwaga hii mlangoni."

"Kaa chini," alisema Bi Siwema. "Kaa uanze tena, polepole, maana hapa kuna watu mia wanaofanya hivyo hivyo, na ni mimi niliyewafundisha."

Walifanya kazi misimu miwili. Lukindo aliwafundisha kungoja, na kungoja kulikuwa kugumu kuliko kukwea miti. Walijifunza kuchuja kwa kitambaa, kutumia chombo safi, kuchanganya ya bonde hili na ya kilima kile hadi pipa la kwanza na la mia yawe na ladha moja. Waligombana. Wawili waliotia maji walifukuzwa mbele ya wenzao, na mmoja wao alikuwa mdogo wake Bi Siwema. Hakumtetea. Alilia jikoni peke yake, akatoka akaendelea na kazi.

Vitungi sita vya mfano vilisafiri na msafara wa wafanyabiashara wa Shamuli. Miezi mitatu watu wa Matuta hawakutulia. Kila vumbi barabarani lilimtoa mtu nje. Hatimaye ilikuja barua ya mnunuzi aitwaye Hatemi: alitaka mapipa mia kabla ya mvua, na sharti lake lilikuwa moja. Kila pipa liandikwe jina la mahali lilikotoka na jina la aliyelijaza. "Likiwa zuri nijue wa kumshukuru," aliandika, "na likiwa baya nijue wa kumuuliza."

Wakachoma majina kwenye mbao kwa chuma cha moto. Palikuwa na mzee mmoja, Ntambike, aliyerina asali tangu ujana wake na hakuwahi kuona jina lake limeandikwa popote isipokuwa kwenye orodha ya kodi. Aliomba pipa lake libaki barazani kwake siku moja, alitazame.

Walifika Langoni wakiwa na punda hamsini. Karani wa Waziri alizunguka mapipa, akagonga moja kwa fimbo.

"Haya majina yapigwe randa. Hapa linapita jina moja tu."

"La nani?" aliuliza Bi Siwema, ingawa alijua.

"Muhuri wa Mfalme unatosha."

"Mnunuzi anataka majina, bwana. Bila majina hapokei."

"Basi subirini kibali."

Walisubiri. Siku tisa, siku kumi na nne. Jua lilipiga mapipa, na wao wakavua vitenge vyao na mashuka yao kuyafunika. Warinaji walianza kukosana kwa mambo madogo, nani kasogeza nini, nani kamaliza maji. Bi Siwema hakukaa kitako hata saa moja. Alikuwa akizunguka, akiweka sikio lake kwenye mbao kusikiliza kama ndani kunachemka.

Siku ya kumi na tano yalipita magari ya Ikulu, ishirini, yakivutwa na maksai. Lango lilifunguliwa hata kabla hayajasimama. Kila pipa walilobeba lilikuwa limepakwa rangi ya dhahabu, limegongwa muhuri na kuandikwa: *Asali ya Matuta, Tunu ya Mfalme.* Pipa moja lilikuwa likivuja. Bi Siwema alinyoosha kidole, akakidaka tone, akaonja.

Ilikuwa shira ya sukari.

Aliwaacha wenzake wakilinda mapipa, akaenda mji mkuu pamoja na Lukindo. Kwa kuwa Idara ilikuwa ya Mfalme mwenyewe, ofisa wake alikuwa na haki ya kusikilizwa Barazani, na haikuwahi kumpitia mtu akilini kwamba angekuwapo ofisa wa kuitumia.

"Mtukufu," Lukindo alisema, "ulitutuma tuwavushe wananchi. Wako Langoni, wana bidhaa safi na mnunuzi anangoja. Kinachowazuia ni Idara iliyoundwa kuwavusha. Na kwa jina lao imevushwa shira."

Waziri wa Lango hakukasirika. Alitabasamu kama mtu anayemsikiliza mtoto wa jirani. "Vitungi vya mfano vilipendwa, Mtukufu. Kulikuwa na haraka ya kuitikia mapenzi hayo. Ghala la Ikulu likajitolea."

"Kujitolea kwa nyuki gani?" aliuliza Bi Siwema.

Baraza liligeuka. Hakuna aliyempa ruhusa ya kusema.

"Mama," alisema Mfalme, na sauti yake ilikuwa ya upole wa kweli, "jina la Matuta limefika Shamuli. Si ndicho mlichotaka?"

"Jina limefika, Mtukufu. Sisi ndio tumebaki. Watakapofungua mapipa yale, aibu itakuwa ya Matuta, nasi hatukuwahi kuyagusa."

"Na kama hawatajua tofauti?"

"Watajua. Huyu kijana alijua kwa ncha ya kidole, na alifundishwa na wao."

Mfalme alimtazama shemeji yake. Kwa muda mfupi ilionekana angeuliza swali. Lakini swali lile lingefungua ghala, na ghala lingefungua mengine, na alikuwa amechoka. Akasema suala limepokelewa. Lukindo alivuliwa sare palepale kwa kosa la kuidhalilisha Idara, akafungiwa kwenye chumba cha walinzi kilekile cha Langoni, ili wenzake wa majimboni wamwone dirishani wapitapo.

Bi Siwema alirudi naye njia nzima, yeye kwa miguu, kijana ndani ya gari akiwa amefungwa kamba.

"Nisamehe mwanangu," alisema. "Ni ulimi wangu."

"Ulimi wako ulichelewa, mama," alijibu Lukindo. "Mimi nilikuwa nimeshamaliza kujiharibia." Wakacheka wote wawili, na askari aliyekuwa akiendesha akajikuta anacheka pia.

Siku sita baadaye magari ya Ikulu yalirudi. Hatemi alikuwa ameyafungua mapipa sokoni mbele ya wanunuzi wa nchi saba, akayamimina mtaroni moja moja. Barua yake, kwa niaba ya soko zima, ilikuwa fupi: tangu siku hiyo hakuna kitu chenye muhuri wa Mfalme wa Rubaza kitakachopokelewa Shamuli, kiwe asali, kiwe kiatu, kiwe mkeka.

Pigo lile lilifika kila jimbo. Washona viatu wa kusini, waliokuwa wamekubali kugongwa muhuri, walirudishwa njiani. Watengeneza sabuni wa mabondeni wakarudishwa. Nao, badala ya kwenda makwao, walisimama pale pale Langoni, kwa kuwa walimkuta mwanamke mmoja amesimama na mapipa mia yasiyo na muhuri wowote. Kufikia mwisho wa juma walikuwa watu mia tatu na zaidi, wakizunguka, wakiulizana, wasioweza kulala wala kuondoka.

Ikulu ilifadhaika. Waziri wa Lango alikuja mwenyewe, na safari hii upole wake ulikuwa na jasho.

"Bi Siwema, Mtukufu amekubali. Mapipa yako yavuke leo. Tutagonga muhuri kwa chini kidogo, mahali pasipoonekana."

"Hapana."

"Unaikomoa nchi yako!"

"Shemeji wa Mfalme," alisema Bi Siwema, na hakupaza sauti, "mlitaka tuonekane bila kujulikana. Haya, tumeonekana. Sasa mfungulieni Lukindo, na mfungue Lango."

Waziri alimwamuru mkuu wa walinzi awatawanye watu. Mkuu wa walinzi, mtu wa makamo aitwaye Kaboyi, aliwatazama vijana wake. Aliona mmoja anamkwepa mama yake machoni, mwenzake amevaa viatu alivyoshona baba yake, na baba yuko mstari wa mbele. Akamsogelea Bi Siwema.

"Mama, nina amri nisimpishe asiye na muhuri."

"Na mwenye muhuri hapokelewi ng'ambo. Sasa umlinde nani?"

Kaboyi alifikiri. Akatoa kiunoni funguo alizokabidhiwa na Waziri, akaziweka juu ya jiwe, akasema anakwenda kunywa maji. Walinzi wake, mmoja baada ya mwingine, nao wakagundua kwamba wana kiu.

Waziri alibaki peke yake, akipiga kelele kwa watu waliokuwa tayari wakimpita. Hawakumgusa. Walimzunguka tu, kama maji yanavyozunguka gogo, na alipoona hakuna hata mmoja anayemtazama alipanda farasi akaenda upande usiokuwa wa mji mkuu. Lukindo alitolewa akiwa na ndevu na kikohozi. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama mapipa yalifunikwa.

Walivuka wote: asali, viatu, sabuni, mikeka, kila kimoja na jina lake.

Hatemi hakuwakumbatia. Alifungua mapipa mia yote, akanusa, akaonja. Shughuli hiyo ilichukua siku nzima. Kumi na moja aliyatenga.

"Haya yamechacha," alisema.

"Yalikaa juani," Bi Siwema alisema. "Hatukutaka."

"Najua. Hata hivyo yamechacha."

Watu wa Matuta walinung'unika. Ntambike, ambaye pipa lake lilikuwa miongoni mwa yale kumi na moja, alikaa chini akashika kichwa. Lakini Bi Siwema alihisi kitu kikimshuka kifuani kilichokuwa kimembana kwa miaka. Mtu alikuwa amemwambia ukweli, tena akawa bado anataka kununua.

"Msimu ujao mia mbili," alisema Hatemi. "Na huyo mzee nataka tena jina lake."

Siku walipofika nyumbani, kazi ilikuwa imeshaanza upya, mizinga haikungoja. Walikuwa wakipakia mapipa matupu kupeleka kilimani mpiga mbiu wa Ikulu alipoingia uwanjani na ngoma yake. Akapiga, akasoma: Mtukufu Mfalme, kwa hekima yake, amelifungua Lango la Mashariki. Siku hiyo itakuwa sikukuu ya dola. Jimbo la Matuta litaleta vitungi mia vya asali kwa ajili ya karamu, kama shukrani.

Hakuna aliyesimama kumsikiliza. Akadhani hawakusikia, akasoma tena, kwa sauti zaidi. Bi Siwema alikuwa ameinamia pipa kubwa, analivuta, halinyanyuki. Akageuza kichwa.

"Baba, umemaliza?"

"Nimemaliza, mama. Nipeleke jibu gani?"

"Shika upande ule," alisema Bi Siwema, "tulinyanyue kwanza."

Mpiga mbiu alitazama barabara aliyojia. Alitazama waraka mkononi mwake. Kisha akaishusha ngoma chini, akakunja mikono ya kanzu, akashika.