Nyayo za Udongo, Ghorofa ya Tatu

Jumanne saa tatu na dakika kumi asubuhi, Kanagaraj, fundi wa programu, alifungua faili la mipangilio kwenye seva, akafuta neno "makosa", akaandika "nyayo", akahifadhi, akaizima programu na kuiwasha upya. Kisha akaenda kuchukua chai. Kwa miaka mitatu programu ile iliandika makosa yake tu. Sasa ingeandika kila hatua: nani kaingia, kapita wapi, katokea wapi. Mafundi hukiwasha kiwango hicho cha kumbukumbu kwa siku mbili tatu tu, maana hujaza diski.

Aliyemwagiza ni bosi wake, Bi Wijekoon, kwa sababu hesabu hazikulingana. Programu ilipokea maombi ya upasuaji wa mtoto wa jicho kutoka milimani kote, na kila mwombaji alipaswa kuandikiwa barua ya kumpangia siku. Maombi yaliyoingia yalikuwa mengi kuliko barua zilizotoka.

Aliporudi na kikombe alikuta nyayo sakafuni. Zilipanda ngazi, zikapita mbele ya mapokezi, zikakata ukumbi na kuingia chumba cha seva. Nyingine zilikuwa za viatu, nyingine za kandambili, nyingine za watu pekupeku, zenye udongo mwekundu uliolowa. Hapakuwa na mtu. Zilijichapa zenyewe, kushoto, kulia, bila haraka.

Kusuma, mfanya usafi, alikuwa amesimama na ndoo yake.

"Nani kawasha hii?"

"Mimi, dada."

"Ungesema basi, mdogo wangu. Nimepiga deki tangu saa moja."

Bi Wijekoon alitoka ofisini kwake, akainua pindo la sari ili lisichafuke. "Zifuate," alimwambia Kanagaraj. "Si ndiyo kazi ya nyayo?"

Zilikuwa rahisi kufuata. Za viatu na za kandambili ziliingia kwenye mashine ya pili, zikatokea upande wa nyuma, zikaenda hadi kwenye printa ya barua, zikaishia hapo. Za udongo ziliingia kwenye mashine ya pili na hazikutoka.

Alifungua faili la kumbukumbu aone zinakwama wapi. Zote zilikwama kwenye mstari mmoja, na mstari huo ulikuwa na jina lake na tarehe. Ulisema kwamba anwani isiyo na namba ya nyumba haijakamilika, na ombi lisilokamilika liwekwe kando. Haukusema mwombaji aarifiwe. Aliuandika kwa dakika ishirini, kabla ya chakula cha mchana.

Watu wa mashamba ya chai hawana namba za nyumba. Wanakaa kwenye laini, vyumba vilivyopangwa mgongo kwa mgongo, na barua zao hupitia ofisi ya shamba. Kanagaraj alilijua hilo siku anaandika. Alizaliwa shambani, juu ya mji wa Hatton, Laini ya Saba, chumba cha nne. Lakini kama angelisema kikaoni wangemuuliza amejuaje, na pale ofisini Kandy, ambako watu wa mashamba walidharauliwa, kila mtu alidhani kwao ni mji wa Gampola, kwa mjomba mwenye duka. Alinyamaza siku ile, akaenda kula wali wake.

Jumatano mchana alikuwa ukumbini na vijana wawili wa mauzo. Unyayo mmoja wa udongo ukapanda ngazi, ukafuatwa na mwingine. Zilikuwa ndogo, zimepinda kwa nje, na zilikwenda zikiambaa na ukuta kama za mtu asiyeona vizuri. Mguu wa kushoto haukuwa na kidole cha mwisho. Kidole hicho kilikatwa na kisu cha kupogolea chai mwaka ambao Kanagaraj alianza darasa la kwanza.

Zilipomfikia zilisimama, vidole vikielekea viatu vyake.

"Huyu naye mbona kagoma hapa?" kijana mmoja alicheka. "Kana, mnajuana?"

"Nimjulie wapi?" alisema Kanagaraj. "Dada Kusuma, hebu futa hapa, watu watateleza."

Kusuma alimtazama, akatazama sakafu, akafuta. Nyayo zikajitokeza tena mbele ya pale palipolowa, zikaingia chumba cha seva.

Alhamisi alimpelekea Bi Wijekoon ule mstari. Aliusoma mara mbili, maana hakuwa mtu mbaya.

"Uliuandika wewe?"

"Mimi, madam."

"Kwa nini?"

"Niliambiwa anwani ziwe kamili."

"Basi hapa hakuna kosa. Programu imefanya ilichoagizwa. Kubadilisha kanuni ni mpaka kamati, na kamati inakaa Februari. Waandikie. Na hiyo nyayo irudishe kwenye makosa, diski inajaa na Kusuma amelalamika mara mbili."

"Na walioko ndani?"

"Wako salama. Hakuna aliyefutwa."

Aliiandikia kamati ukurasa mmoja na nusu. Penye sababu ya mabadiliko aliandika "maboresho". Halafu akafungua faili la mipangilio, akafuta "nyayo", akaandika "makosa". Sakafu ikakauka.

Ijumaa alipanda treni kwenda kwao kwa sikukuu ya Dipavali. Alimkuta mama yake, Pakiyam, amekaa karibu na jiko, amevaa sweta na kujifunika shali, ingawa nje jua lilikuwa kali.

"Amma, una homa?"

"Homa wapi. Ni baridi ya kule ofisini kwenu. Tumesimama mle ndani tumebanana, na ile mashine ya upepo haizimwi. Mbele yangu yuko jirani yetu Muniyandi. Alikufa Juni, lakini hakuna aliyemjibu lolote, kwa hiyo anangoja."

Kanagaraj alikaa chini. Pakiyam alipapasa mpaka akaipata sahani, akamsogezea.

"Sauti yako niliisikia," alisema. "Ulikuwa unamwambia mtu afute."

"Ndiyo, Amma."

"Si kitu. Ofisi lazima iwe safi. Kula, chakula kitapoa."

Alikula. Afadhali angemtukana.

Baada ya chakula Pakiyam alitoa fomu mpya, ya nne, akamwomba amjazie, kwa kuwa mwandiko wa karani wa shamba haukuwa na bahati. Kanagaraj alijaza jina, umri, jicho la kulia, jicho la kushoto. Penye anwani aliandika 118/2, Gampola, nyumbani kwa mjomba.

"Nisomee nisikie."

Alisoma yote. Alipofika penye anwani alisoma, "Laini ya Saba, chumba cha nne."

"Sawasawa," alisema Pakiyam. "Wasije wakapotea."

Barua ilifika kwa mjomba baada ya siku kumi na moja. Ilimpangia Pakiyam upasuaji mwezi Machi. Februari kamati ilikaa, ikalisogeza suala la anwani hadi kikao kijacho.

Siku aliyofunguliwa bandeji, muuguzi alimkabidhi Pakiyam kadi ya kurudi kliniki, yenye jina na anwani yake. Aliisogeza karibu, akaipeleka mbali. Kusoma hakusoma sana, lakini namba alizijua. Alizitazama kwenye mizani ya majani ya chai kwa miaka thelathini na minne.

"Mia na kumi na nane," alisoma. "Kijistari. Mbili." Akainua macho, akamtazama mwanawe usoni kwa muda. "Kumbe kilichokosekana ni namba tu."

Kanagaraj alianza kumkusanyia dawa zake.

"Mariyayi wa chumba cha tano haoni hata moto wa jiko lake. Mwandikie na yeye anwani hii hii."

"Programu haitakubali, Amma. Nyumba moja, mwombaji mmoja."

"Kanuni hiyo nayo ni yako?"

"Ndiyo."

Pakiyam aliikunja kadi, akaitia kwenye blauzi. Walipofika kwenye ngazi za hospitali, Kanagaraj alimnyooshea mkono amshike, kama walivyozoea. Mama yake alisema sasa anaona, akashuka mwenyewe.