Hatua Mia Mbili Hadi Kwenye Saa

Mama alikubali kwa sharti moja, na alilisema akiwa na pini mdomoni, kwa hiyo lilitoka limebanwabanwa: hatua mia mbili. Watazame ramani wanayotaka, Mjomba alete gari analotaka, lakini kukitokea mahali ambapo Baba atapaswa kutembea zaidi ya hatua mia mbili kwa mkupuo mmoja, safari hakuna. Na sharti lenyewe hakulitunga yeye. Daktari wa moyo ndiye aliyesema: hatua mia mbili za polepole, halafu alale chali nusu saa, miguu juu ya mto. Ngazi asizisogelee kabisa.

Binti akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Alikuwa mtoto wa maneno machache, mpaka Mjomba alikuwa anamwita Kimya, na shuleni walimu walikuwa wanamaliza muhula mzima hawajaijua sauti yake. Lakini kazi ya kupanga safari hii aliiomba mwenyewe, na kwa Kimya kuomba kitu, nyumba nzima iligeuka kumtazama.

Baba alikuwa fundi saa. Kabla hajaoa, yeye na bosi wake walipanda mnara wa mji wa zamani kutengeneza saa kubwa iliyokuwa imesimama miaka kumi na tisa. Walikaa humo juu miezi minne, wanakula humo, wanalala humo, njiwa wanawachafulia mashati. Siku ilipogonga tena, watu walitoka madukani wakasimama barabarani wameinua nyuso. Hiyo hadithi binti aliijua kama anavyolijua jina lake. Saa yenyewe hajawahi kuiona, na Baba hakurudi tena kule. Kila mwaka alikuwa anasema tutakwenda, na kila mwaka watu walikuwa wanaleta saa zao zimekufa, anakaa kuzifufua, mwaka unaisha.

Sasa kulikuwa na upasuaji, wiki mbili mbele. Daktari hakuwaficha. Alisema wengine wanaamka na wengine hawaamki, na moyo wa Baba umechoka. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, na walipofika nyumbani akasema anataka jambo moja tu. Anataka asimame chini ya ile saa, aisikie ikigonga saa sita mchana. Basi.

Gari halikuwa tatizo. Mjomba, kaka yake Mama, alikuwa mwalimu wa udereva, na gari lake la kufundishia lilikuwa na breki mbili, moja ya dereva na moja ya mwalimu. Alikuja jioni ile ile akakaa ukingoni mwa kitanda, akaanza zake. Alimwambia Baba asiwe na wasiwasi, shemeji, maana dada yake akiingiwa na hofu barabarani atakanyaga breki ya kwake na kelele zitapungua. Baba alicheka kidogo, akashika kifua, wote wakangoja mpaka pumzi ikamrudia.

Binti akaanza kuandika mpango kwenye daftari la mazoezi. Kuondoka Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukuta wa mji wa zamani wanauzunguka na gari, taratibu. Daraja la mawe, Mjomba anasimama pembeni, kioo kinashushwa, Baba anatazama akiwa amekaa. Lango kuu, hivyo hivyo. Kulala usiku mmoja, kurudi Jumapili. Vyote vilikuwa vya kuonea dirishani, isipokuwa saa. Magari hayaingii ndani ya ukuta. Gari linaishia kwenye maegesho nje ya lango, halafu ni kichochoro cha mawe kinachopinda mpaka uwanjani, na mnara uko hapo uwanjani.

Pembeni ya uwanja palikuwa na nyumba ya wageni. Binti aliandika kwenye karatasi maneno yote atakayosema kwenye simu, pamoja na "shikamoo", akayasoma mara sita, ndipo akapiga. Mama mwenye nyumba aliyepokea alikuwa mchangamfu. Alisema chumba cha chini kipo, mgonjwa alale anavyotaka, saa inasikika mpaka vikombe vinatikisika. Binti akauliza ni mbali kiasi gani kutoka kwenye maegesho. Akajibiwa ni hapo tu. Na hiyo "hapo tu" ya mtu mwenye miguu mizima binti aliifahamu. Ukiifuata unaweza kutembea mpaka viatu vikaisha.

Kwa hiyo aliamua kupima. Ramani aliitoa kwenye kitabu cha wageni alichoazima maktaba, na chini yake iliandikwa kwamba inchi moja ni mita thelathini. Hatua ya Baba aliipima kwenye korido, kutoka kitandani mpaka mlango wa dukani mbele ambako Mama alikuwa anashonea: ni nusu mita. Inchi moja, hatua sitini. Rula ilimshinda kwa sababu haipindi kona. Akachukua futi ya Mama, ile laini ya kupimia watu, iliyozungushiwa kitambaa cheusi mwishoni isifumuke. Akaweka ncha yake kwenye maegesho, akailaza juu ya kichochoro kona kwa kona, akabana kwa kidole pale uwanjani. Akasoma. Nne.

Mia mbili na arobaini.

Alirudia mara tatu, futi ikampa nne mara zote tatu. Akapeleka daftari dukani. Mama alizima taa ya cherehani, akasoma, akatazama ramani, akatazama futi iliyokuwa bado juu yake. Aliitazama muda mrefu kuliko karatasi yenyewe ilivyohitaji. Halafu akasema kwa upole kwamba sharti ni sharti, na aliyepima ni yeye binti mwenyewe.

Baba aliambiwa jioni. Alikuwa ameshachagua shati, la bluu, limetundikwa kwenye kitasa cha dirisha. Hakubishana. Alisema haidhuru, mnara hauna miguu, utakuwepo. Akamwomba binti alirudishe shati kabatini, na binti alilirudisha, akakaa nalo humo kabatini kidogo, uso ndani ya nguo, mpaka macho yakakauka.

Siku mbili zilipita hivyo. Baba aliacha kuongea habari za saa, hata zile ndogo za mkononi. Mama alishona kuliko kawaida yake.

Siku ya tatu alikuja mteja, mwalimu mkuu wa chekechea, mama mnene wa vicheko, anataka gauni la kuozeshea mwanawe. Mama alimwita binti aandike vipimo. Akamzungushia mteja futi kiunoni, akasema thelathini na sita. Binti alikuwa amesimama karibu, akaona kidole cha Mama kimebana wapi.

"Mama, ni thelathini na saba."

"We mtoto," mteja akasema, "nani kakuuliza? Niachie thelathini na sita yangu."

Akacheka peke yake. Mama aliirudisha futi shingoni, na ncha yenye kitambaa cheusi ikaning'inia kifuani pake. Hapo ndipo binti alipoitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Baada ya kile kitambaa namba haikuanza na moja. Ilianza na mbili. Inchi ya kwanza haikuwepo. Ilichakaa zamani, Mama akaikata, na tangu hapo kila anachopima anakitoa moja kichwani bila hata kufikiri. Wateja hawajui. Na binti, ambaye hakuwahi kushika kiuno cha mtu kwa aibu, naye hakujua.

Mteja alipoondoka, binti alikunjua ramani juu ya meza ya kukatia. Alinyoosha mkono, na Mama akavua futi akampa, akarudi kwenye cherehani. Binti akailaza upya kwenye kichochoro, kona kwa kona, akatoa moja. Nyuma yake cherehani ilikuwa inakwenda. Ilikwenda mpaka kitambaa kikaisha, sindano ikawa inatoboa hewa, na Mama bado anakanyaga.

"Ni tatu," binti alisema. "Mia moja na themanini."

"Najua."

"Ulijua lini?"

"Uliponiletea daftari." Mama aliondoa mguu kwenye kanyagio. "Nikasema moyoni, Mungu kanisaidia. Sikudanganya mimi, futi ndiyo imedanganya."

Binti alikuwa na maneno mengi, lakini kama kawaida yake yalikuwa yamesongamana mlangoni. Mama ndiye aliyeendelea. Alieleza, macho yakiwa kwenye kitambaa, kwamba hapa nyumbani anaisikia pumzi ya Baba mpaka akiwa dukani, anajua ikikatika ni hatua ngapi kumfikia. Kule kwenye mawe atamshika vipi? Wataondoka wanne, na yeye kila akifumba macho anaona gari linarudi na watatu. Alikuwa anamtaka Baba wiki hizi mbili, zote, hata kama ni za kulala tu.

"Mama," binti alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Asipoamka, hiyo inchi utaiweka wapi?"

Mama alikusanya pini zilizotawanyika mezani, moja moja, akazirudisha kwenye kopo, mpaka hakukuwa na pini tena ya kuokota. Ndipo akainuka, akapita kwenye korido, na binti akamfuata na daftari lake.

Baba alikuwa amelala, mto chini ya miguu. Yeye na mkewe walikuwa wanaitana fundi, kila mmoja kwa kazi yake, tangu uchumba. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Fundi," alisema, "nimekukosea. Mtoto alipima na futi yangu iliyokatika. Kwenye saa unafika. Nilijua siku mbili zote, nikanyamaza."

Baba alitazama dari. Binti alikuwa amesimama mlangoni. Alingoja hasira, na kwa kweli aliitamani, kwa sababu ingeonyesha kuwa Baba ana nguvu. Haikuja.

"Mimi pia nimekuficha, fundi," Baba alisema. "Mia mbili sijafika tangu mwezi uliopita. Mia moja na ishirini, nashika ukuta. Nilisema nikifika kule nitajua la kufanya."

Huko nje mtu alikuwa anaita mteja wake, gari lilirudi kinyumenyume likilia, na ndani ya chumba kile ilisikika pumzi ya Baba tu, na binti akajikuta anaihesabu. Mpango wake wote ulikuwa umekaa juu ya namba, na sasa namba mbili zilikuwa za uongo, moja ya futi na moja ya Baba. Akaona basi, imekwisha. Mama amepata alichokitaka, tena kwa haki.

Lakini Mama aligeuka akamuuliza hicho kichochoro kina upana gani.

Binti akasema mwenye nyumba ya wageni alimwambia watu wawili wakipishana wanasuguana mabega.

"Basi mtu aliyembeba mwenzake anapita," Mama alisema. "Kaka yangu mgongo anao, hana kazi nao. Mimi nitatangulia niwasogeze watu."

Neno hilo, kubebwa, hakuna aliyewahi kulitamka mbele ya Baba. Huyu alikuwa mtu aliyekataa hata kushikwa mkono akitoka hospitali. Uso wake ulikakamaa, akauliza kama wanataka aingie kwenye uwanja ule, mbele ya ile saa, amebebwa mgongoni kama mtoto mwenye homa. Mama akamjibu kwamba ndiyo. Alimjibu bila kulainisha na bila kumbembeleza, ila mkono wake ulikuwa umeshamshika kifundo cha mguu juu ya ule mto, na haukuondoka.

Binti alikaa sakafuni, akafungua daftari gotini. Akafuta mia mbili na arobaini. Akaandika: kutoka kwenye maegesho, hatua mia moja na ishirini, kwa miguu. Akashuka mstari. Akaandika: hatua sitini. Kalamu ikasimama hapo, kwa sababu Baba alikuwa amegeukia ukutani, na binti hakutaka kuandika kitu ambacho mwenyewe hajakikubali. Akangoja. Mama naye akangoja.

"Andika," Baba alisema, bado anatazama ukuta. "Mgongo wa Mjomba."