Sahihi ya Kumi na Tisa

Asiyekuwepo, lake lipo. Hilo lilithibitika mjini Baraka siku ya Jumatatu, saa tatu na nusu asubuhi, katika ukumbi wa kanisa uliokodishwa kwa semina ya siku tano, pale Adolphine alipokusanya orodha ya mahudhurio na kuhesabu sahihi kumi na tisa. Watu ukumbini walikuwa kumi na wanane. Alihesabu vichwa tena, akamhesabu na Papa Anatole aliyekuwa amesimama mlangoni na simu sikioni, akapata kumi na wanane.

Sahihi iliyozidi ilikuwa kati ya ile ya Bertin, mvuvi wa Ubwari, na ile ya Rosette, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni. Kati yao palikuwa na kiti kitupu cha plastiki. Bertin alieleza kwamba alipomaliza kuandika aliisogeza karatasi upande wa kile kiti, nayo ikakaa pale kidogo, kisha ikaendelea. Hakuona sababu ya kuiharakisha. Kalamu ilimfikia Rosette ikiwa na tope jekundu, akaifuta kwenye kiatu.

Jina lilikuwa Niyonkuru Cassilde. Jinsia, F. Umri, 17. Anakotoka, Lulimba. Simu, kistari.

Adolphine alikuwa katibu wa Warudi, shirika dogo lenye chumba kimoja na kabati moja, linalotafuta wasichana walioahidiwa kazi za mgahawa na kupelekwa kwenye machimbo ya dhahabu, katika nyumba ambazo milango yake hufungwa kwa nje. Kwa miaka minne alikuwa ameandika majina ya waliopotea kwa mwandiko mzuri, na kwa miaka minne shirika lilikuwa halina gari. Cassilde alikuwa wa kumi na mbili katika daftari lake. Mama yake alikuwa nyuma ya ukumbi wakati huo, akipika chakula cha semina.

Adolphine alimpelekea karatasi. Mama Cassilde alifuta mikono kwenye kitenge akaishika kwa pembe, asiichafue. Alikuwa amekimbia Burundi na mtoto huyo mgongoni, akaishi naye kambini, kisha akapanga chumba mjini. Shule ya kambini ndiyo iliyomfundisha Cassilde kuandika C yenye mkia uliojikunja ndani kama ndoana. Ndoana ilikuwepo. Mama alihesabu kwa vidole. Mtoto aliondoka akiwa na miaka kumi na mitano, akamfuata mwanamke mmoja mwenye sauti ya upole, na misimu miwili ya mvua ilikuwa imepita.

"Umri iko sawa," alisema. "Lakini angalia vile anaandika kidogo-kidogo. Iko na njaa."

Saa sita alipakua sahani kumi na tisa za bugali, sombe ya majani ya mihogo na samaki wa mukeke. Ya mwisho aliiweka mwenyewe kwenye kiti kitupu, akaifunika kwa sahani nyingine. Watu waliomba, wakala. Sahani iliporudi jikoni ilikuwa imesafishwa, isipokuwa kichwa cha samaki kilichowekwa pembeni, kimegeuzwa macho juu. Tangu utoto Cassilde alikuwa akimwachia mama yake kichwa. Mama Cassilde alikila akiwa amesimama, mpaka mifupa, kisha akaenda kuosha masufuria.

Semina hiyo iliongozwa na Guy. Babu yake Guy alitoka Nundu, ila yeye alikulia Ubelgiji, ambako alifanya kazi katika kampuni ya bima, na kila mwaka alitoa wiki mbili za likizo yake kuwashauri bure wenye mashirika madogo. Aliwafundisha kuandika mradi ili wafadhili wauelewe. Alikuwa mtu mwema. Alileta kalamu zake mwenyewe na hakumkatiza mtu yeyote akizungumza. Barua ya kuomba msaada ilitakiwa kwenda kabla ya Ijumaa jioni, pamoja na orodha za mahudhurio na picha za washiriki, kuonyesha kwamba Warudi ni shirika la kweli lenye watu wa kweli. Katika ukurasa wa tisa wa mradi kulikuwa na gari.

Jumanne Cassilde aliandika kwamba anatoka Lulimba, ng'ambo ya mto. Jumatano aliandika: nyumba ya turubai la bluu, nyuma ya duka la betri. Nafasi ya kuandikia ilikuwa na upana wa vidole viwili, kwa hiyo maneno yalivuka mstari yakaingia kwenye nafasi ya simu. Siku hiyo hakuwa peke yake. Majina mengine sita ya daftari la Adolphine yalikuwa yameingia, mawili ya Nundu, moja la Ubwari na matatu ya kambini, na mlinzi wa kanisa alitoa viti sita zaidi stoo bila kuulizwa. Mama Cassilde aliongeza maji kwenye sombe.

Rosette alichelewa tena asubuhi hiyo, na Bertin hakumwacha.

"Mwenzako anatoka Lulimba, na anafika mbele yako," alimwambia. "We unatoka hapa kwa soko."

"Ule hana mume wa kupikia," Rosette alijibu, kisha akaona amesema vibaya. Alisogeza kiti kitupu kidogo, kipate kivuli.

Jumatano hiyo alasiri Adolphine na Mama Cassilde walimpelekea orodha afisa mmoja mwenye silaha na mamlaka. Afisa aliisoma yote. Alisema hajawahi kupokea malalamiko yaliyopangwa vizuri namna hii, yenye jina, umri, mahali na sahihi ya mlalamikaji mwenyewe. Alisema angeondoka hata kesho alfajiri, apande barabara ya Fizi mpaka Lulimba, lau angekuwa na gari. Aliwaonyesha pikipiki yake isiyo na gurudumu la mbele. Wanawake wawili waliiangalia kwa heshima, wakashukuru, wakarudi.

Alhamisi Cassilde aliandika maneno sita. Kesho watatuhamisha. Mahali nitaandika hapa. Kesho.

Neno la mwisho lilikuwa limeandikwa juu ya kistari cha simu.

Siku hiyohiyo baada ya chakula Guy aliomba kuzungumza na Papa Anatole, ambaye ndiye rais wa shirika, na Adolphine. Alikuwa ameweka orodha na picha mezani, moja kando ya nyingine. Alisema amelala vibaya. Alisema kuna shirika analolifahamu, mahali pengine kabisa, lilifukuzwa kwa sababu orodha zake zilikuwa na watu ambao hawakuonekana kwenye picha, na wafadhili wakaliita la udanganyifu, na hakuna mfadhili mwingine aliyelipokea tena.

"Photo iko na bantu kumi na nane," alisema. "Liste iko na makumi mbili na tano. Mi najua ni bakina nani. Kila siku nawasalimia. Lakini ule atakayesoma kule hatawasalimia."

Papa Anatole aliuliza kama haiwezekani kueleza katika barua.

"Tutaeleza nini, Papa? Kwamba kiti njo imetia sahihi?"

Papa Anatole alikubali kwamba haielezeki. Alisema dawa ni blanko, ile rangi nyeupe ya kufutia makosa, na kwamba majina yangefunikwa tu, hayangetupwa. Adolphine alikwenda jikoni akamwita Mama Cassilde, kwa sababu mstari mmoja ulikuwa wa mtoto wake, na kwa sababu hakutaka kuwa peke yake.

Mama Cassilde alisikiliza mpaka mwisho.

"Gari iko mule ndani?" aliuliza.

"Iko, mama," Guy alisema. "Ukurasa ya tisa."

Aliomba kuiona. Ukurasa ulikuwa kwa Kifaransa, naye Kifaransa hakukisoma, lakini Guy aliweka kidole chini ya neno lenyewe, naye akaliangalia kwa muda, jinsi mtu anavyoangalia uso ili aukumbuke.

"Basi funika," alisema.

Alizishika karatasi kwa mikono miwili zisitikisike. Adolphine alichovya brashi akaanza na Jumatatu. Alifunika mistari ya Cassilde siku kwa siku, akafunika na ya wale sita, polepole, bila kutoka nje ya mstari, kwa mkono ule ule uliosifiwa mji mzima kwa mwandiko. Kila alipomaliza ukurasa, Mama Cassilde aliinama akapuliza ili rangi ikauke upesi. Mistari ya wale wengine ilikauka. Mistari minne ya Cassilde ilibaki mibichi, na Guy alilazimika kuipiga picha hivyo hivyo. Saa kumi mtandao ulikuwa mzuri. Mradi ulikwenda.

Ijumaa orodha ilipita kwenye kiti kitupu bila kusimama. Bertin aliirudisha nyuma, akaiweka tena juu ya kiti, akasubiri. Ukumbi mzima ulisubiri naye, na Guy alikatiza somo lake, akakaa chini. Kisha Rosette aliichukua karatasi akatia sahihi yake. Kalamu ilikuwa safi. Walikuwa kumi na wanane.

Saa sita sahani saba zilirudi jikoni zimejaa. Mukeke wa Cassilde ulikuwa mzima, na kichwa kikiwa mahali pake.

Mama Cassilde aliuliza kama hakuna karatasi nyingine inayozunguka. Aliambiwa hakuna. Semina ilifungwa, vyeti vikagawanywa, viti vikabebwa kurudi stoo, isipokuwa kimoja. Alikaa sakafuni kando ya hicho kimoja, amekiwekea karatasi tupu na kalamu ya Guy, mpaka mlinzi alipokuja na funguo. Mlinzi alisimama mlangoni muda mrefu kabla ya kukohoa.

Majibu ya wafadhili yalifika baada ya miezi mitatu. Mradi ulikubaliwa. Barua ilisifu usafi wa orodha. Ilisema pia kwamba ukurasa wa tisa umeondolewa, kwa kuwa wafadhili hawanunui magari ya kwenda sehemu za hatari, wanawekeza katika maarifa. Badala ya gari, Warudi watapata semina ya pili, ya watu thelathini. Guy alikuwa ameandika barua tatu kulipigania gari. Alizituma nakala kwa Adolphine, na zilikuwa barua nzuri.

Kwa wakati huo dereva mmoja wa lori aliyetoka Lulimba alikuwa amewaambia kwamba nyuma ya duka la betri hakuna nyumba tena. Pamelimwa mihogo, na kipande cha turubai la bluu kinafukuza ndege.

Adolphine alifungua faili kuweka barua ya pongezi. Orodha zilikuwa mle. Rangi kwenye mistari ya Cassilde ilikuwa bado haijakauka. Aligusa kwa kidole cha shahada, na kidole kikabaki cheupe. Alikiosha kwa sabuni, kwa mchanga wa ziwani na kwa mafuta ya taa, kisha akazoea. Watu sokoni walidhani ameungua, wakampa pole, naye akaipokea.

Semina ya pili ilikuwa na washiriki thelathini, viti thelathini na kimoja, na sahani thelathini na moja. Kila asubuhi Mama Cassilde alikitoa kiti mwenyewe, akakiweka kati ya Bertin na Rosette. Kila saa sita aliweka sahani, akaifunika. Kila saa nane aliichukua imejaa. Wafadhili walikuwa wamemtuma msichana mmoja mpole, Vanessa, kufuatilia kazi. Alihesabu vichwa, akahesabu sahani, akahesabu tena. Siku ya nne aliandika kwamba kuna chakula cha mtu asiyekuwepo, na kwamba jambo hilo si kubwa, lingekwisha kama mpishi angeomba radhi mbele ya washiriki na maneno yake yakaandikwa.

Papa Anatole alikwenda kumwita mwenyewe. Alimwambia ni neno moja tu, na kwamba nyumba yote ya Warudi imesimama juu ya hilo neno.

Mama Cassilde alitoka jikoni na mwiko mkononi. Adolphine alifungua daftari, akashika kalamu kwa kidole chake cheupe. Vanessa alisimama, kwa adabu, kwa sababu mbele yake palikuwa na mtu mzima.

Mama Cassilde alikiangalia kiti. Alifunua sahani. Mvuke ulitoka, samaki alikuwa mzima. Aliifunika tena.

"Mi njo nilipuliza," alisema. "Na kinywa yangu, juu ya jina ya mutoto yangu. Pardon ya ile, mwenye kuombwa hayuko hapa. Ya hii sahani, Mama Adolphine, andika vizuri, na mwandiko yako ile nzuri: kesho nitaweka ingine. Siombi pardon."