Mheshimiwa Asiye na Ukoo

Huku kwetu cheo huliwa kwa zamu. Kula, umpe ndugu yako: ndivyo tulivyolelewa, na ni desturi nzuri, siitukani. Ukoo wetu wa Mbatseva ukipeleka mtu Bunge la Jimbo kule Makurdi miaka minne, ukoo jirani wa Mbakuraor nao unampeleka wake minne inayofuata, na kila mtu anarudi kwenye matuta yake ya viazi vikuu bila kinyongo. Ninachotaka kusimulia ni siku desturi hiyo ilipomfikia mke wangu, akaikataa mbele za watu.

Mke wangu ni Mlumun. Alifundisha darasa la sita miaka ishirini na miwili, na hakuna nyumba hapa ambayo hajawahi kumchapa mtoto wake au kumnunulia kalamu. Ni mzaliwa wa Mbakuraor, ng'ambo ya kijito. Mimi Akosu, mkulima wa machungwa, ndiye niliyemuoa nikamleta Mbatseva.

Alivyoingia kwenye siasa ni kichekesho. Ilikuwa zamu yetu Mbatseva, na matajiri wawili waligombania tiketi ya chama mpaka watu wakaanza kuchomeana maghala. Zaki Anongo, mkuu wa ukoo wetu, akatafuta mtu asiyemuudhi yeyote, akamwona mwalimu wa watoto wa matajiri wote wawili. Akasimama mbele ya chama na kusema, "Huyu ni mke wetu. Mke wa Mbatseva ni Mbatseva." Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga. Walitaka mtu wa kukalia kiti kisipate vumbi, basi.

Mlumun hakwenda kupangusa vumbi. Kwa miaka yote ile ya ualimu, kila muhula alikuwa akikata kwenye daftari la mahudhurio jina la msichana aliyepata mimba, maana akishajifungua hapokelewi tena. Alinipigia hesabu siku moja jikoni: majina sitini na mawili, kwa mkono wake mwenyewe. Alipofika Makurdi akaandika muswada kwamba msichana aliyejifungua arudi darasani kwake, na mwalimu mkuu atakayemzuia ashtakiwe. Ukasomwa mara ya kwanza. Uliposomwa mara ya pili, mjumbe mmoja akauliza kama serikali itanunua na vitanda vya watoto vya kupanga katikati ya madawati. Bunge zima likacheka.

Mke wangu akasimama. "Mheshimiwa Spika, waliowapa mimba tumewapa viti humu ndani. Wasichana wenyewe tutashindwaje kuwapa madawati?"

Aliamriwa afute maneno yake, akayafuta, lakini yalishasambaa mpaka kwa wauza samaki wa daraja la mto. Baada ya hapo kamati ikaulalia muswada miezi kumi na minne. Na sheria ya Bunge ni hiyo: muhula ukiisha, muswada ambao haujapita unakufa, na aliyeuleta kama hakurudi, hakuna wa kuufufua. Ndiyo maana alitaka miaka minne mingine, wala si kwa sababu ya gari la ubunge. Gari lenyewe lilikuwa halina gia ya nyuma.

Uchaguzi ulipokaribia, wazee wa Mbatseva wakaniita mimi. Yeye hawakumwita.

"Akosu," akasema Zaki Anongo, "mwambie mkeo akae chini. Amekula miaka minne, shukrani. Sasa ni zamu ya Mbakuraor."

Ningeweza kumtetea. Nikasema, "Nitamfikishia, Zaki," nikaondoka kama tarishi. Najionea aibu mpaka leo.

Mlumun aliposikia akavaa viatu vyake vya Makurdi, akanishika mkono, tukarudi wote wawili kule kule kabla wazee hawajamaliza kibuyu chao cha pombe.

"Zaki, naomba kuuliza," akasema.

"Mwanamke haulizi hapa. Mwambie mumeo akuulizie."

"Mume wangu hajui kuuliza maswali. Ndiyo maana tumeishi vizuri." Wazee wawili wakacheka, na mimi nikatazama chini. "Mwaka juzi mlipogawana shamba la mtoni, niliomba kipande. Ulinijibu nini?"

Zaki akakuna shingo. "Nilikwambia shamba ni la Mbatseva."

"Na mimi ni nani?"

"Wewe ni mtoto wa Mbakuraor. Kila mtu anajua."

"Vizuri. Basi aliyekaa Makurdi miaka minne ni mtoto wa Mbakuraor. Mbatseva hamjala. Mnampaje mwenzenu zamu ambayo nyinyi wenyewe hamjaila?"

Mzee mmoja akaanza kuhesabu vidole, akapotea katikati, akaanza upya.

"Haya ni maneno ya darasani," akasema Zaki.

"Ndiyo. Ulinipelekea watoto kumi na mmoja niwafundishe hayo hayo, na hukuwahi kulalamika."

"Akosu! Utamwacha mkeo anitukane?"

Nikamshika Mlumun mkono tukatoka. Si kwamba nilikuwa shujaa. Nilitaka tu tuondoke.

Kesho yake Mlumun akavuka kijito kwenda kwao. Mgombea wa Mbakuraor alikuwa Msugh, kaka yake wa tumbo moja, mkandarasi mwenye kofia nyekundu na shati lisilowahi kupata jasho. Baba yao alipokufa, Mlumun aliomba mistari miwili ya michungwa. Msugh alimwambia binti harithi, kwake ni kwa mumewe.

"Dada yangu," akasema Msugh, akamletea kiti mwenyewe, "umefanya kazi kubwa. Sasa umpe kiti ndugu yako. Hata wazee walisema."

"Kama ni zamu ya Mbakuraor, mimi si Mbakuraor? Nipeni mimi."

"Wewe umeolewa, dada. Hapa kwetu wewe ni mgeni wa heshima."

"Nilipotaka michungwa nilikuwa mgeni. Leo unapotaka kiti nimekuwa dada. Wewe Msugh, undugu wako unafunguliwa siku ya kupokea tu?"

Msugh akacheka kwa sauti, kisha akaagiza soda. Shemeji yangu huyo ukimpiga kofi atakuagizia soda. Tiketi ya chama kikubwa aliichukua mwezi huo huo bila kupingwa, na Mlumun akajiandikisha katika chama kidogo chenye nembo ya kibuyu, ambacho ofisi yake ilikuwa nyuma ya duka la fundi redio.

Hapo ndipo yaliponikuta mimi. Ukoo ukanitoza faini ya mbuzi na mitungi mitatu ya pombe kwa kosa la kushindwa kutawala nyumba. Kilabuni wakaanza kuniita Mama Mheshimiwa. Nikiingia, mtu ananisogezea kigoda kwa adabu, "Karibu mama, umepika nini leo?" Mara ya kwanza inachekesha. Mara ya thelathini unatamani kumwaga pombe ya mtu.

Jioni moja nikamwambia aache. Nilisema waziwazi: aache, nife na michungwa yangu kwa amani. Alikuwa anatwanga viazi vikuu. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Akosu," akasema, "wewe una ukoo wa kukutoza faini. Mimi hata wa kunitoza faini sina."

Kisha akaendelea kutwanga. Nilikaa pale mpaka chakula kikawa tayari, na sikukila vizuri. Mbuzi wa faini sikumpeleka. Alikuwa amefungwa tayari mlangoni. Nikamfungua, akarudi kwa wenzake.

Kampeni ya Msugh ilikuwa na magari yenye vipaza sauti na fulana za bure. Mlumun alikwenda sokoni siku za soko, peke yake, na mimi nyuma nikimbebea kiti. Alikuwa anakaa mbele ya mwanamke anayeuza, ananunua kiazi kikuu kimoja, anauliza maswali yale yale.

"Umezaliwa wapi?"

"Mbakuraor."

"Umeolewa wapi?"

"Mbatseva."

"Wanapogawana, wanakuita wapi?"

Wengi walicheka kwanza. Halafu kicheko kinakatika, na mwanamke anatazama bidhaa zake. Mmoja, mama mzima wa meno matatu, alimjibu, "Mwalimu, nimeolewa mara mbili. Wamesahau kuniita sehemu tatu." Soko lote likashika tumbo, na jibu hilo likatembea kushinda magari ya Msugh. Baada ya wiki mbili wanawake walikuwa wanaulizana wenyewe kwa wenyewe, kisimani na kanisani, bila Mlumun kuwepo.

Wanaume hawakushtuka. "Wanawake hupiga kura kama waume zao," Zaki alisema, na ninaamini aliliamini hilo kwa moyo wake wote.

Siku ya kura nilikuwa kwenye kituo cha Zaki, ukutani kwa shule. Kwetu zinahesabiwa hadharani, saa tisa jua likiwa bado kali: afisa anainua karatasi moja moja, anataja nembo, na umati unahesabu naye. Karatasi za kwanza zilikuwa za Msugh, na vijana wake wakaanza kupiga filimbi. Kisha afisa akasema, "Kibuyu." Halafu, "Kibuyu." Halafu tena kibuyu, na tena, mpaka waliokuwa wakihesabu kwa sauti walikuwa wanawake peke yao. Zaki ana wake wanne na wakamwana tisa. Aliwatazama waliposimama pamoja na vitambaa vyao vya milia myeusi na myeupe, na hakuna aliyeinamisha macho. Kituo kile Mlumun alipata mia mbili na kumi na saba, Msugh arobaini. Vituo vingine havikuwa vinono hivyo, lakini jumla ilitosha kumpeleka Makurdi.

Siku ya tatu wakaja kumpongeza. Mbatseva walifika asubuhi na ngoma na jogoo. Hawajakaa sawasawa, Mbakuraor nao wakatokea na ngoma yao, Msugh mbele na kofia yake. Uwanja wangu ukajaa.

"Tumekuja kumpongeza mke wetu," akasema Zaki.

"Binti yetu," akasema Msugh.

Wakaanza kubishana pale pale. Zaki akasema miaka hii minne ihesabiwe ni ya Mbakuraor, kwa hiyo inayofuata ni yetu. Msugh akasema hapana, Mlumun hakusimamishwa na ukoo wowote, kwa hiyo miaka hii haimo kwenye hesabu, na zamu yao iko palepale. Jogoo akaponyoka, hakuna aliyemkimbiza.

"Mwalimu, sema mwenyewe," Zaki akasema mwishoni, jasho likimtoka. "Wewe ni wa nani? Tujue nani anafuata."

Mlumun alikuwa ameegemea nguzo ya mlango, faili la muswada kwapani, maana gari lilikuwa linamsubiri.

"Andikeni ukoo wa wanawake waliotoka kwao," akasema. "Umeanza kula juzi. Nyinyi wawili mmekula tangu jimbo hili lipewe jina. Tukifikia mlipofika, tutawaita."

Akaingia garini. Msugh akamwangalia Zaki, na Zaki akanigeukia mimi, kwa sura ya mtu anayesubiri nimrekebishe mke wangu.

"Umesikia, Zaki," nikamwambia.