Merv Alipiga Peke Yake

"Usinidanganye, Merv. Wimbo tuliokuwa tunapiga sisi siyo uliokuwa unapiga wewe."

"Spika yenu mbovu. Kila siku nawaambia."

"Jana ulisema ni zulia. Juzi baridi. Kesho utaisingizia mvua ya hapa Walsall."

Aliyekuwa anambana ni Alwyn, mpiga gitaa, na hakuwa anatania. Walikuwa kwenye chumba cha mazoezi nyuma ya duka la matairi, wazee watatu na birika la chai. Wa tatu, Noreen wa besi, alijifanya anakaza nyuzi.

Foxgate ndiyo bendi waliyoanzisha pamoja ujanani. Merv aliihama, akaenda London kupigia ngoma bendi ya Redmarsh. Redmarsh wakajaza viwanja mpaka Ujerumani, halafu wakamtema. Na huko hakuna anayekwambia umefukuzwa. Unafika mazoezini, unakuta ngoma za mtu mwingine zimekaa pahali pako, kila mtu anaangalia viatu vyake. Akaingia bendi ya tatu, ikavunjika. Ya nne, mwimbaji akafa. Mkewe akachoka kumngoja, akaenda zake. Sasa Foxgate wamerudi kwa onyesho moja tu, Jumamosi, hapo hapo nyumbani, na Merv hakuwa na kitu kingine duniani cha kungojea.

Shida masikio. Makelele ya miaka yote yalikuwa yameyamaliza. Basi alikuwa anaiba mapigo kwa macho: bega la Alwyn, vidole vya Noreen. Maneno nayo aliyasoma midomoni.

Alwyn akasema sawa, tupige ule wa mwisho, ila mimi na Noreen tunaangalia ukuta. Merv akamuuliza tangu lini bendi inampa mpiga ngoma mgongo, mchawi mkubwa we. Alwyn akamwashiria Noreen. Wakageuka.

Merv akaanza. Mwanzoni mikono ilisitasita, halafu ikakumbuka yenyewe. Ngoma kubwa aliisikia kwenye mfupa wa mguu. Akafumba macho. Gitaa la Alwyn lilikuwa kichwani mwake, safi kabisa, na besi chini yake, na watu wanaimba. Alipiga kama alivyopiga Ujerumani. Akamalizia kwa toazi, akalishika kwa mkono likatulia, jasho linamtiririka, anacheka kama mjinga.

"Haya, semeni. Nani kiziwi?"

Akafumbua macho. Besi ya Noreen ilikuwa imelala sakafuni. Alwyn amekunja mikono, gitaa limeegemea ukuta, macho yake mekundu. Walikuwa wameacha kupiga tangu ubeti wa kwanza.

Merv akatazama besi, akatazama gitaa. Kicheko kikamkauka mdomoni.

"Nani atapiga Jumamosi?"

Alwyn akafungua mdomo taratibu, neno moja moja, ili midomo isomeke vizuri. "Jamaa mmoja wa Dudley, mji wa jirani. Nilimpigia simu wiki iliyopita. Nilikuwa naomba nisimhitaji, ndugu yangu."

Noreen alikuwa analia bila kujificha. Merv akaviweka vijiti juu ya ngoma, akavinyoosha vilale sawa.

"Atumie hizi ngoma. Nani anajua huyo wa Dudley ana ngoma gani." Akavaa koti. "Bendi nne, Alwyn. Wewe ndiye wa kwanza kunifukuza ana kwa ana."

Alwyn akaanza kusema kitu. Merv aliiona midomo yake ikifunguka. Hakutaka kuisoma. Akageuka akaondoka.